Hii si Kashata: Pai ya Pekani Inashikiliwa na Mayai

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanajumuiya wanaozungumza Kiswahili hapa Houston, Texas, wiki mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Yanawekwa hapa kamili kwa ajili ya waliokuwa kazini na waliokosa usafiri. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, dada zetu, na nyinyi vijana wa kiume mliowahi viti vya mbele, karibuni nyote.

Alhamisi ya nne ya Novemba inakaribia. Wengi wenu mmeshaalikwa: kwa jirani, kwa mwenzenu wa kazini, kanisani, kwa wazazi wa marafiki wa watoto. Na kwetu mtu haendi kwenye karamu ya watu mikono mitupu. Sasa upeleke nini? Pekani, mti wa njugu, ndio mti rasmi wa jimbo hili tangu mwaka 1919, na mwaka 2013 bunge la jimbo likaitangaza pai ya pekani kuwa pai rasmi ya Texas. Kumpelekea mwenyeji pai ya pekani iliyookwa ikaokeka ni sawa na mgeni kuingia Unguja, akapika pilau, na kina mama wa mtaa wakaomba waongezewe.

Lakini nianze na swali. Pai ya pekani ni kitu gani?

Ukiitazama kwa juu, unaona njugu zimejipanga, zinang'aa kwa sukari. Jicho lililolelewa pwani linasema mara moja: hii ni kashata. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Mwenye kudhani anapika kashata akili yake yote iko kwenye sukari. Anaichemsha, anaikaza, anaongeza moto ili igande. Ndugu zangu, hii si kashata. Hii ni pudini ya mayai yenye pekani ndani yake. Sukari, shira, siagi na pekani zina uzito wa kupita gramu mia saba, na vyote hivyo vinashikiliwa na mayai matatu. Mayai matatu tu! Ukiyatunza hayo, yatakutunzia pai.

Tuanze na pekani zenyewe.

Pekani ni mti wa nchi hii. Umeota wenyewe kwenye kingo za Mto Mississippi, kwenye mito ya Texas, hadi kaskazini mwa Meksiko, na hata jina lake limetoka katika lugha za wenyeji wa asili, likiwa na maana ya njugu inayopasuliwa kwa jiwe. Tabu yake ni ile ile ya embe: panda kokwa la embe zuri, na mwembe utakaoota unaweza kuzaa kitu kingine kabisa. Pekani ya kupanda kwa mbegu nayo haifuati mama yake. Kwa muda mrefu watu waliokota zilizopatikana, nyingine ndogo, nyingine zenye ganda gumu kama jiwe lenyewe.

Katika miaka ya 1840 huko Louisiana, kulikuwa na mti mmoja uliozaa pekani kubwa zenye ganda jembamba. Daktari mmoja alijaribu kuubebesha, yaani kupachika vikonyo vyake kwenye miti mingine, akashindwa. Vikonyo vikapelekwa kwenye shamba la miwa la jirani, linaloitwa Oak Alley, ambako kulikuwa na mtunza bustani mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa. Kumbukumbu zinamtaja kwa jina moja tu: Antoine. Antoine alibebesha miti kumi na sita, ikashika. Kisha akabebesha mingine. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia ya kutimiza miaka mia moja ya taifa, pekani za uzao ule zikasifiwa, na aina ile ikapewa jina Centennial. Jina la maonyesho likabaki kwenye mti. Jina la Antoine halikuwekwa. Kwa hiyo leo, mbele ya watu wanaotoka bara walilotoka mababu zake, tunalitaja: Antoine. Mashamba ya pekani za kubebesha yaliyotapakaa kusini yote yamefuata njia aliyoifungua kwa kisu chake.

Na kuna wengine. Hapa hapa Texas, mjini San Antonio, pekani zilikuwa zikibanguliwa kwa mikono na wafanyakazi, karibu wote wakiwa wanawake na wanaume wa asili ya Meksiko, katika vyumba vyenye vumbi, kwa senti chache kwa ratili. Tarehe 31 Januari 1938, malipo yale madogo yalipopunguzwa tena, wafanyakazi wapatao 12,000 waliacha kazi. Sauti yao ilikuwa binti wa miaka 21, Emma Tenayuca. Mwaka huo huo sheria ya nchi iliweka kima cha chini cha mshahara, na viwanda vikaingiza mashine, na maelfu ya wale waliogoma wakapoteza ajira. Mtu anayelalamika kwamba mfuko wa pekani ni ghali akumbuke kwamba zamani ulikuwa rahisi kwa sababu hiyo.

Sasa jikoni. Pai moja ya sahani ya inchi 9, yaani sentimita 23, inataka gramu 170 za pekani. Huu ni msimu wa kuvuna, kuanzia Oktoba mpaka Desemba, basi tafuteni za mwaka huu. Kwa nini? Kwa sababu pekani ni mafuta. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake ni mafuta. Zikikaa miezi kadhaa kwenye kabati lenye joto, mafuta yanaharibika na kuwa machungu yenye harufu ya rangi ya ukutani. Onjeni moja kabla ya kununua nyingine, au kabla ya kumwaga mfuko mzima bakulini. Moja ikiwa chungu, nyingine ni hivyo hivyo, na hakuna sukari itakayoficha. Nzuri mkizipata, wekeni kwenye friza, zitakaa mwaka mzima. Chungueni pia yale magamba ya kahawia yanayojificha kwenye mfereji wa mbegu. Hayo ni ukuta wa ndani wa ganda, nayo ni machungu ajabu.

Zitandazeni kwenye sinia, ziingie oveni ya digrii 350 za Fahrenheit, sawa na 175 za Selsiasi, dakika 7 au 8. Harufu ikijaza jikoni, zitoeni. Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo inayofanya pekani zibaki na ukakamavu. Mbichi zikizama kwenye shira zinachemka humo na kulegea. Kisha katakateni gramu 100, na gramu 70 zilizobaki muache nzima nzima kwa ajili ya juu. Pai yenye pekani nzima tupu hupendeza kwa macho lakini kisu kinaivuruga.

Jambo la pili: ganda la pai, ule unga wa chini.

Hapa nina ombi kwa mafundi wa chapati, na humu ndani ni wengi. Mikono yenu ni hodari, lakini kwa leo mikono hiyo itulie.

Tuwaweke wapishi wawili kwenye meza moja. Wa kwanza anapima unga, anatia siagi, anatia maji, anakanda. Anakanda kama anavyojua, dakika kumi, mpaka donge linakuwa laini kama shavu la mtoto. Analisukuma, linarudi. Analivuta mpaka ukingoni mwa sahani, analibana vizuri, analitia oveni. Linatoka limesinyaa, limeshuka chini ya ukingo, gumu kama gamba. Akimimina rojo, linamwagika pembeni. Amekosea wapi? Hakukosea chapati. Kukanda kunajenga zile nyuzi za ngano zinazovutika, na chapati inazihitaji. Ganda la pai halizihitaji. Nyuzi zilizovutwa zikikutana na moto zinajirudi, na ganda linarudi nazo.

Mpishi wa pili anachukua unga wa ngano gramu 160, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko cha chai kimoja. Anakata siagi gramu 115 iliyotoka kwenye friji sasa hivi, vipande vidogo vya mraba. (Hapa Marekani hicho ni kipande kimoja kati ya vinne vya pakiti ya ratili.) Anaiponda siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole, haraka, kabla joto la mikono halijaiyeyusha, na anaacha vipande vikubwa vikiwa kama mbaazi. Anatia maji ya barafu kijiko kikubwa kimoja, anachanganya kwa uma. Cha pili, cha tatu, na cha nne kama kinahitajika. Anakamata kiasi kwenye ngumi: kikishikana, basi. Anakusanya donge lenye madoa ya siagi, halina sura, analisawazisha liwe bapa, analifunga, analiweka kwenye friji saa moja au hata siku mbili. Zile mbaazi za siagi zikiyeyuka kwenye oveni, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kuinua unga tabaka kwa tabaka. Madoa ndiyo majani ya ganda lake.

Wakati wa kusukuma, anzeni katikati kwenda nje, mkizungusha, mpaka upate duara la sentimita 32 hivi lenye unene wa milimita 3. Literemsheni ndani ya sahani, lisivutwe. Linyanyue ukingo, uache unga wenyewe uanguke mpaka kwenye kona. Kunjeni ukingo, finyangeni mnavyopenda, kisha friza dakika 20.

Halafu liokeni likiwa tupu. Tandikeni karatasi ya kuokea, mjaze maharagwe makavu mpaka juu, oveni digrii 375, yaani 190 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25. Toeni karatasi na maharagwe, rudisheni ganda dakika 8 au 10 nyingine mpaka chini pakauke na paanze rangi. Maharagwe hayo hayapikiki tena. Wekeni kwenye chupa kwa pai ijayo. Wasiofanya hivi ndio wenye pai iliyoiva juu, chini unga mbichi uliolowana.

Na msilitoboe ganda kwa uma! Mapishi mengi yanasema toboa. Kwa pai ya matunda mazito sawa. Rojo la pekani ni jepesi, linapenya kwenye vile vitundu, linaingia chini ya ganda, linaungua na kunata kwenye sahani kama gundi. Hutaitoa pai hiyo ila kwa vipande.

Kwa wanaonunua ganda la dukani: ni halali kununua, siku ni fupi. Ila wenzetu Waislamu wasome karatasi ya nyuma, maana baadhi yanatengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Vilevile mtakuta mapishi ya kusini yanayotia pombe kali ya bourbon kijiko kimoja au viwili. Iacheni, pai haitapungukiwa kitu.

Jambo la tatu: shira na mayai.

Mwaka 1902 kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikisaga mahindi ilileta dukani shira ya mahindi kwa jina Karo. Miaka ya 1930 kampuni hiyo ikasambaza mapishi ya pai ya pekani yenye shira yake, na yenyewe husimulia kwamba aliyeyabuni alikuwa mke wa mmoja wa wakuu wake wa mauzo. Ukweli ni kwamba pai za pekani zilikuwa zikiandikwa kwenye magazeti na vitabu vya mapishi tangu mwishoni mwa karne ya 19, nyingine zikiwa za maziwa, mayai na sukari. Lakini ya shira ndiyo iliyoshinda, hata leo wengi hapa wanaiita ya jadi. Kwa nini ilishinda? Matangazo tu?

Waulizeni wapika kaimati. Shira ya kaimati mnaitia nini ili isirudi kuwa sukari? Ndimu. Matone machache ya ndimu, na shira inabaki laini, haifanyi chenga. Ndimu inavunja sehemu ya sukari iwe sukari ndogo za aina nyingine, na hizo zinaizuia iliyobaki isijipange kuwa chenga. Shira ya mahindi inafanya kazi hiyo hiyo: imejaa glukosi, na glukosi inakaa katikati ya sukari kama mgeni anayezuia safu isinyooke. Ndiyo maana pai yake inakatika laini, na ya sukari tupu inakwaruza meno. Asiyetaka shira ya mahindi anaweza kupika shira ya ndimu aliyoizoea, nzito, inayodondoka polepole kutoka kwenye kijiko. Louisiana wao hutumia shira ya miwa, na ladha yake mimi naiona bora kuliko zote, nzito na yenye uchungu kidogo unaopunguza utamu. Asali inawezekana, ila inaungua rangi mapema na inafunika ladha ya pekani.

Vipimo ni hivi. Shira mililita 240, kikombe kimoja cha hapa. Sukari ya kahawia gramu 150. Siagi gramu 60. Chumvi nusu kijiko cha chai, na msiiache, kwani bila chumvi utamu huu unachosha kwenye tonge la tatu. Vanila vijiko viwili vya chai. Mayai makubwa matatu.

Yeyusheni siagi kwenye sufuria kwa moto mdogo, mtie sukari, shira na chumvi, mkoroge mpaka chenga za sukari ziishe. Isichemke. Ikichemka maji yanapotea, inakaza, na hapo mmerudi kwenye kashata. Epueni, mngoje dakika kumi au kumi na tano, mpaka kidole kikae ndani bila kushtuka. Piga mayai kwa uma mpaka ute na kiini viwe kitu kimoja, bila kutoa povu, kwa sababu povu linapanda juu na kufanya utando mweupe. Mimina mayai kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukiyamimina shira ikiwa ya moto, utaona nyuzi nyeupe; chuja haraka, lakini ujue umepunguza nguvu ya pai yako. Mayai yaliyoshika sufuriani hayatashika tena kwenye oveni. Tia vanila na zile pekani zilizokatwa, mwaga ndani ya ganda likiwa bado na joto, panga pekani nzima juu. Msihangaike zikielea, ni nyepesi kuliko rojo, na kuelea ndiko kunakoleta ule uso wake.

Na sasa moto. Swali linaloulizwa kila mwaka ni moja: "Nilioka dakika hamsini kama karatasi ilivyosema, nikakata, ikamwagika. Kwa nini?"

Kwa sababu saa haijui pai. Vipimo vya oveni nyingi za nyumba za kupanga vinadanganya, vingine kwa digrii 25 au zaidi. Nunueni kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, hakina bei. Wekeni digrii 350, pai ikae theluthi ya chini ya oveni ili ganda lipate moto kutoka chini. Kama rojo liliingia likiwa vuguvugu, anzeni kuangalia dakika ya 35. Nyingi zinaiva kati ya 40 na 50. Ukingo ukiwahi kuwa mweusi, ufunikeni kwa karatasi ya foili.

Iguseni sahani kidogo. Pembeni pawe pamevimba na kutulia. Katikati, mduara wa ukubwa wa kiganja utikisike kwa pamoja, kama pudini. Ukitikisika kwa mawimbi kama maji kwenye ndoo, bado. Ukiwa hautikisiki kabisa, umechelewa. Mwenye kipimajoto cha chakula achome katikati: digrii 200 za Fahrenheit, yaani 93 za Selsiasi, toa. Mnajua tui likiachwa lichemke bila kukorogwa linavyokatika? Mayai nayo hukatika. Yakipita joto lake yanajikunja, yanakamua maji, na pai inakuwa na vitundu na shira inayovuja chini, huku juu pamepasuka. Kwa hiyo pai iliyomwagika huenda haikuiva, na huenda iliiva kupita kiasi. Tazameni kata yake: rojo laini lisiloshika halikuiva, chengachenga zenye maji limepitiliza.

Na huenda ilikuwa imeiva sawasawa, ila ilikatwa mapema. Ikitoka kwenye oveni bado inaendelea kushika kwa joto lake yenyewe. Iwekeni kwenye waya saa mbili, kisha friji saa mbili au usiku kucha. Watoto watalia. Waacheni walie. Ina mayai, hivyo haikai mezani siku nzima; kwenye friji itakaa siku tatu au nne, na kwenye friza miezi miwili ikifungwa vizuri.

Basi pangeni hivi. Jumanne usiku donge. Jumatano jioni mkitoka kazini, ganda, rojo, oveni. Ilale kwenye friji. Alhamisi itoeni kama saa moja kabla ya kuondoka. Kwenye gari ikae sakafuni ndani ya boksi. Kwenye kiti huteleza breki ikishikwa. Bebeni krimu ya kupiga isiyo na sukari, kwa sababu pai hii imeshakunywa sukari ya kutosha. Na bebeni kisu chenu chembamba chenye makali. Kichovyeni kwenye maji ya moto, kifuteni, mkate kipande kimoja. Kichovyeni tena, mkate cha pili. Kipande cha kwanza kwa kawaida huvunjika ncha wakati wa kutolewa. Hicho kiwekeni kwenye sahani yenu, cha pili kiende kwa mwenyeji.

Ahsanteni sana. Unga na siagi viko meza ile pale. Tunawe mikono, tuanze.